Ordinatere inayolala na kukataa kuamka

Katika vikundi vyetu vingi vya akiba hapa Manono siku hizi kuna ordinatere moja. Mara nyingi si mpya. Ilitumiwa miaka mitano au sita na watu wengine mbali huko, ikapita Lubumbashi au Kalemie, na mwisho ikafika mezani petu. Tunaipenda, maana hesabu zilizokuwa zinachukua siku nzima sasa zinaisha kabla ya mchana. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao nimeulizwa juu yake kuliko yote mwaka huu. Mama anafunga kifuniko, anaenda kuangalia sufuria au kupokea mgeni, anarudi, anafungua, na masini haiamki. Kioo ni cheusi. Au ni cha bluu chenye maandishi mengi. Au masini inaanza upya kama vile hakuna aliyeigusa asubuhi ile, na yote aliyoandika hayapo.

Ningeliandika jambo hili kama la ufundi tu, kama lisingekaribia kuvunja kikundi kimoja ninachokijua. Sitataja jina lake. Wanachama ni 24, na wanafuata mpango wa AVEC ambao wengi wenu mnaujua: kila juma mama ananunua hisa moja hadi tano, feza inaingia katika sanduku lenye kufuli tatu, na mwisho wa mwaka wanagawana. Mwaka huu komite iliamua kuacha vitabu vidogo vya hisa na kuandika kila kitu katika ordinatere. Siku moja ya mkutano sekretere aliandika hisa za wote, akafunga kifuniko ili amsikilize prezida. Mazungumzo yakawa marefu, juu ya mkopo wa mama mmoja aliyechelewa kulipa. Yalipita saa moja. Alipofungua kifuniko, masini ilionyesha jina la kiwanda, ikazunguka, ikaanza upya. Orodha ya siku ile haikuwepo.

Feza za sanduku zilikuwa zimehesabiwa, kwa hiyo jumla ilijulikana. Kisichojulikana kilikuwa ni nani alinunua ngapi. Basi kila mama akasema idadi yake kwa kukumbuka, wakajumlisha. Ikazidi sanduku kwa hisa saba. Kwa kikundi kile hisa moja ni franka 2.000, hivyo zilikosekana franka 14.000. Mnajua wenyewe macho yalielekea wapi. Mmoja akasema masini imekula feza. Mwingine akasema masini haina mdomo.

Sekretere yule hakuiba kitu. Masini ilifanya jambo ambalo masini nyingi za umri wake zinafanya, jambo linaloelezeka na mara nyingi linalotengenezeka bila kutoa hata franka moja.

Ubao na daftari

Darasani nina ubao na wanafunzi wana madaftari. Ubaoni ninaandika haraka, ninafuta, ninaandika tena. Kilichonakiliwa daftarini kinabaki hadi mwaka ujao. Ordinatere nayo ina vyote viwili. Ubao wake unaitwa memori. Unashika kazi unayofanya sasa hivi, na unaishika kwa nguvu ya umeme tu. Umeme ukiondoka, ubao unafutika wenyewe. Daftari lake ni diski. Kilichoandikwa kwenye diski kinabaki hata ukizima masini mwezi mzima. Kubonyeza Ctrl pamoja na S ni kunakili kutoka ubaoni kwenda daftarini. Kama hujabonyeza, kazi yako bado iko ubaoni.

Sasa ukitaka kupumzisha masini, kuna njia tatu, na masini zetu zinaziandika kwa Kifaransa. Ya kwanza ni « Mettre en veille ». Kioo kinazimika, diski inanyamaza, lakini umeme kidogo unaendelea kushika ubao. Ndiyo maana inaamka haraka, kwa sekunde chache. Ya pili ni « Veille prolongée ». Hapo masini inanakili ubao wote kwenye diski, katika faili moja kubwa, kisha inazimika kabisa. Haihitaji umeme wowote, na ukiiwasha inarudisha ubao kama ulivyokuwa. Ya tatu ni « Arrêter », kuzima.

Mama akifunga kifuniko bila kuchagua kitu, masini nyingi zinachukua njia ya kwanza. Na hili ndilo watu wengi hawalijui: zikikaa katika usingizi huo kwa muda, nyingi zinahama zenyewe kwenda njia ya pili ili kulinda batri. Kwa hiyo masini iliyolala dakika tano na masini iliyolala saa moja zinaweza kuwa katika usingizi wa namna mbili tofauti, ingawa wewe ulifanya kitendo kile kile cha kufunga kifuniko.

Kulala ni rahisi. Kuamka ndiyo kazi. Wakati wa kuamka, kila kiungo cha masini lazima kiitwe na kiitikie: kioo, diski, klavye, wifi, modemu. Kila kimoja kina programu ndogo ya kukiongoza, inayoitwa piloti. Fikiria asubuhi katika nyumba yenye watoto wanane. Saba wako tayari mlangoni, mmoja hajaona kiatu, na wote wanasimama wakimngoja. Piloti moja ikishindwa kuamsha kiungo chake, masini nzima inasimama hivyo hivyo. Anayechelewa mara nyingi ni kile kiungo cha picha, kinachoongoza kioo. Sababu yake katika masini zetu ni ya kawaida: ilitengenezwa wakati wa Windows 7, halafu mtu akaiwekea Windows 10, na piloti ya picha iliyobaki ndani haiendani vizuri na nyumba mpya.

Kwanza ujue inakufa namna gani

Makosa ninayoyaona kila mara ni kukimbilia dawa. Masini ikikataa, mtu anabonyeza kila kitu kwa hasira, au anaipeleka palepale kwa fundi. Mama mwenye mtoto mwenye homa anaangalia kwanza: anatapika? anaharisha? ilianza lini? Tufanye hivyo hivyo.

Ukifungua kifuniko na kioo ni cheusi, usizime kwanza. Bonyeza kibonyezo cha herufi kubwa, Verr Maj, na uangalie taa yake ndogo. Kama inawaka na kuzimika unapobonyeza, masini imeamka vizuri, ni kioo tu kilichobaki kimelala. Bonyeza pamoja vibonyezo vinne: kile chenye alama ya Windows, Ctrl, Maj na B. Hiyo ni amri ya kuanzisha upya piloti ya picha, inafanya kazi katika Windows 10, na kazi yako haipotei. Mara nyingi kioo kinarudi. Kisipotoka kitu, bado jaribu Ctrl na S hata bila kuona. Faili likiwa lilikwisha kupewa jina na lilikuwa mbele ulipofunga, huenda likahifadhika. Ukiwa na mwanga wa telefone, uuelekeze kwenye kioo kwa karibu. Ukiona maandishi yamefifia nyuma, taa ya kioo ndiyo mgonjwa, na hapo ni kazi ya fundi kweli.

Kama ni kioo cha bluu chenye uso wa huzuni, kipige picha kwa telefone kabla hakijatoweka. Chini yake kuna neno refu au namba. Wewe huna haja ya kulielewa. Anayelijua atatambua kutoka hapo kama ni piloti, memori au diski, na utakuwa umemwokolea saa nzima.

Kama hata taa ya Verr Maj haiitikii na hakuna kinachotikisika, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka taa zote zizimike. Ni sekunde 10 au zaidi, hesabu polepole. Ondoa sharjeri. Kama batri inatoka kwa mkono, iondoe pia, subiri dakika moja, rudisha, washa. Kazi ambayo haikunakiliwa imepotea, lakini masini haikufa.

Na kama inaanza upya yenyewe, kama ile ya kikundi chetu, basi kuna majaribio mawili yanayosema mengi. La kwanza ni la umeme. Ilaze dakika kumi ikiwa na sharjeri, uiamshe. Kisha ilaze dakika kumi bila sharjeri. Ikiamka ya kwanza na kukataa ya pili, usitafute mbali: batri imechoka, haiwezi tena kushika ubao. Jaribio la pili ni la muda. Ilaze dakika tano, halafu nusu saa, halafu saa moja na nusu, kila mara ikiwa na sharjeri. Andika matokeo kwenye karatasi. Binti wa darasa la sita anaweza kuifanya kazi hii, na ataifurahia kuliko kuchota maji.

Kabla ya majaribio yote haya, ondoa kila kilichochomekwa pembeni: flashi, modemu, kipanya, waya wa telefone. Nimeona masini iliyokataa kuamka kwa miezi miwili kwa sababu ya modemu iliyoachwa imechomekwa. Ilipotolewa, ugonjwa uliisha siku ile ile.

Ile masini ya kikundi

Tuliijaribu Jumapili mchana, baada ya misa. Dakika tano, iliamka. Dakika ishirini, iliamka. Bila sharjeri, iliamka pia, kwa hiyo batri ilikuwa bado na nguvu. Saa moja na nusu, ilianza upya. Basi tukashuku usingizi wa pili, ule wa kunakili ubao kwenye diski. Ili kuhakikisha, hatukungoja tena saa moja na nusu: tulichagua wenyewe « Veille prolongée », ikazimika, tukaiwasha palepale. Ilianza upya. Ugonjwa ulionekana wazi.

Faili lile kubwa la usingizi lilikuwa limeharibika. Dawa yake ni kulifuta na kuliumba tena. Lakini faili hilo linahitaji nafasi ya giga kadhaa, na diski ilikuwa imejaa video za harusi na nyimbo, hata hazikuwa za wanachama. Tulinakili zile za maana kwenye flashi, tukafuta zingine. Kisha unabonyeza alama ya Windows, unaandika cmd, unabonyeza jina lake kwa upande wa kulia wa kipanya na kuchagua « Exécuter en tant qu'administrateur ». Dirisha jeusi linafunguka. Unaandika powercfg /h off na kubonyeza Entrée, kisha powercfg /h on na Entrée tena. Haisemi asante wala pole, inarudi tu kwenye mstari mpya, na hiyo ndiyo dalili kwamba imekubali. Tulijaribu tena usingizi wa pili, ikaamka na kila kitu mahali pake.

Zile hisa saba je? Hapo kuna jambo ambalo kila sekretere alijue. Excel, hata usipobonyeza chochote, inajiwekea nakala kila dakika 10. Masini ikifa ghafla, ukifungua Excel tena, upande wa kushoto inatokea safu yenye maneno « Récupération de document ». Wengi kwa woga wanaifunga bila kuisoma. Usiifunge. Bonyeza jina la faili lililo ndani yake, liangalie, lihifadhi kwa jina jipya. Bahati nzuri sekretere wetu alikuwa hajafungua Excel tena tangu siku ile, kwa sababu komite ilimnyang'anya masini. Tulipoifungua, nakala ilikuwepo, yenye wamama 19 kati ya 24. Watano tu ndio walibaki wa kuulizwa. Ikaonekana pia kwamba kati ya wale 19, wanne walikuwa wamekumbuka hisa za juma lililotangulia badala ya juma lile. Zile hisa saba zilikuwa zao. Hakuna aliyekuwa mwongo. Prezida alimwomba sekretere msamaha mbele ya wote, jambo ambalo silioni kila siku.

Tangu hapo wamerudisha vitabu vidogo vya hisa. Mama anatoa feza, kitabu chake kinapigwa muhuri, ndipo sekretere anaandika katika masini na kubonyeza Ctrl na S kabla ya kumwita mama anayefuata. Wengine wanaona ni kurudi nyuma. Mimi nasema mpango wa AVEC ulianza Niger mwaka 1991 kwa wanawake ambao wengi hawakujua kusoma, na haukuhitaji masini hata moja. Ordinatere inaharakisha jumla. Ushahidi wa feza ya mama ubaki mkononi mwa mama.

Umeme wetu

Ushauri mwingi juu ya masini uliandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Kwao, kuacha ordinatere imelala usiku kucha si kitu. Kwetu ni jambo lingine. Wazee wetu wanakumbuka umeme wa Piana-Mwanga, kutoka mto Luvua, uliojengwa na Géomines katika miaka ya 1930 kwa ajili ya machimbo ya bati. Vita vilipopita, vilituachia nguzo na hadithi. Baadaye ulikuja mtambo wa jua wa megawati 1 wenye batri zake. Lakini nyumba nyingi zinaishi kwa pano ndogo juu ya bati, batri ya gari chini ya meza, na jenereta ya jirani ikiwa ana mafuta. Umeme wa namna hii unapanda na kushuka. Sharjeri inaonekana imewaka, kumbe haipitishi kitu cha maana. Masini iliyolala usingizi wa kwanza ikitegemea sharjeri hiyo, na batri yake imechoka, inafutika ubao usiku wa manane na hakuna anayejua mpaka asubuhi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: hapa kwetu, usingizi wa kwanza ni wa kwenda kuangalia sufuria tu. Kwa usiku, zima. Kwa mkutano mrefu, mwambie masini isifanye kitu kifuniko kikifungwa. Unaingia « Panneau de configuration », kisha « Options d'alimentation », na upande wa kushoto unachagua mstari unaoongea juu ya vitufe na capot. Kwa capot unaweka « Ne rien faire ». Batri itatumika zaidi kidogo, lakini kazi inabaki ubaoni na masini iko macho. Ila ukishaweka hivyo, usiitie mfukoni ikiwa imewaka. Itapika humo kama chikwanga.

Katika ukurasa ule ule kuna mstari « Activer le démarrage rapide ». Huo ulikuja na Windows 8, mwaka 2012. Maana yake ni kwamba ukichagua « Arrêter », masini haizimi kabisa: inanakili sehemu ya ubao wake kwenye diski ili kesho iwahi kuwaka. Ni nusu ya usingizi wa pili, chini ya jina la kuzima. Katika masini za zamani nusu hiyo inaleta fujo, na kosa la jana linaamka tena leo. Ondoa alama kwenye mstari huo. Kama umefifia na haukubali, bonyeza kwanza maneno ya juu yanayosema kubadilisha vile visivyopatikana kwa sasa. Masini itachelewa sekunde chache kuwaka, hakuna hasara. Na kumbuka: kama hujauondoa, « Redémarrer » inasafisha ubao kuliko « Arrêter ».

Juu ya batri niseme neno moja. Batri za ordinatere ni za litiamu, lile lile ambalo majiwe yake yako hapa Kitotolo na yanaandikwa katika magazeti ya dunia nzima. Sisi tunaokaa juu yake tunatumia batri zilizochakaa mikononi mwa wengine. Batri ya namna hii, baada ya kujazwa na kuisha mara 300 hadi 500, imepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na joto linaiharakisha. Ukiandika powercfg /batteryreport katika lile dirisha jeusi, masini inakuandalia ukurasa na kukuonyesha mahali ilipouweka. Ndani yake kuna uwezo wa batri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa leo. Ukiona wa leo haufiki nusu, usiamini usingizi wowote wa kwanza.

Ukiona batri imevimba, yaani klavye imeinuka katikati au kifuniko hakifungi vizuri kama zamani, hapo si jambo la kuamka tena. Zima, ondoa sharjeri, weka masini mbali na watoto na mbali na jiko. Batri hiyo isitobolewe, isibanwe ili irudi, isitupwe kwenye moto wa takataka. Inaweza kulipuka kwa moto usiozimika upesi.

Piloti, na yule fundi wa kila kitu

Kama majaribio yanaonyesha ni kioo, kazi iliyobaki ni piloti ya picha. Jiulize ilianza lini. Kama masini ilikuwa inaamka vizuri na ugonjwa ulianza baada ya Windows kujipasha upya, basi rudisha piloti ya zamani: katika « Gestionnaire de périphériques », fungua « Cartes graphiques », bonyeza jina mara mbili, ingia « Pilote », na hapo kuna kitufe cha kurudi nyuma. Kama haikuwahi kuamka vizuri tangu ifike, inahitaji piloti iliyotolewa na kiwanda chake chenyewe, kwa jina na namba iliyoandikwa chini ya masini. Ni ya bure. Ila ni megabaiti nyingi, hivyo mwombe mtu anayekwenda Kalemie au Lubumbashi aipakue kwenye flashi, na umpe namba hiyo kwa maandishi, si kwa mdomo. Zile programu zinazojisifu kwamba zitatafuta piloti zote kwa kubonyeza mara moja, ziacheni. Nyingi zinaingiza takataka zingine.

Kuna kazi mbili zisifanywe ovyo hapa. Ya kwanza ni kupima memori kwa kuandika mdsched. Kipimo ni kizuri na hakidhuru, lakini kinachukua muda, fanyeni siku ambayo batri imejaa. Ya pili ni kubadilisha BIOS, ile programu ya ndani kabisa inayoamsha masini. Mafundi wengine wanaipendekeza, na wakati mwingine wana haki. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi ile, masini inaweza isiwake tena kamwe. Kwa umeme wetu, mimi ningeikataa mpaka njia zingine zote zishindikane.

Na formati. Hili ndilo linaloniudhi. Mama anapeleka masini inayokataa kuamka, fundi anaiangalia dakika mbili, anasema lazima formati, feza kiasi fulani. Formati inafuta kila kitu: hesabu za kikundi, picha za ubatizo, kazi ya mwisho ya mtoto aliye chuoni. Na mara nyingi haiponyi, kwa sababu anarudisha Windows ile ile na piloti ile ile isiyofaa, au batri iliyochoka inabaki ilivyo. Muulize kwanza: umejaribu kuilaza na kuiamsha? Inakataa baada ya muda gani? Umeangalia batri? Fundi mzuri hatachukia maswali haya, atafurahi kumpata mteja aliyeandika matokeo yake. Na kabla masini haijatoka nyumbani, nakili faili za kikundi kwenye flashi mbili, moja ikae kwa sekretere na nyingine kwa mtunza sanduku.

Wamama ambao masini zao zina ugonjwa huu mnaweza kuzileta Jumamosi ijayo saa nane mchana, mahali tunapokutania. Njooni na sharjeri yenu wenyewe, picha ya kile kioo cha bluu kama mmekipata, na karatasi ya majaribio. Batri iwe imejaa, maana sisemi kama siku hiyo kutakuwa na umeme.